Treni Ikifutwa, Anayechagua ni Wewe

Maneno haya yalisemwa kwenye kikao cha wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Köln, Bonn na miji ya jirani nchini Ujerumani. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa. Maswali ya mwisho yamefupishwa.

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mliofika majuzi ambao kila bei bado mnaigeuza shilingi kichwani: habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya treni. Baadhi yenu mlicheka mlipoiona mada, na siwalaumu, maana sote tumelelewa kwenye sifa za saa ya Mjerumani. Ukichelewa shuleni, ukichelewa harusini, hakosekani mzee wa kukuambia kwamba wewe Ujerumani usingeiweza. Basi tumekuja, na tunaiweza, na treni ndiyo inayochelewa. Mwaka 2024, katika treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, kampuni kuu ya reli ya Ujerumani, zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5. Na hapo ujue kwamba treni iliyochelewa dakika 5 inahesabiwa kuwa imewahi. Mpaka zifike dakika 6 ndipo inaitwa imechelewa.

Kuna jambo hesabu hiyo hailisemi. Treni iliyofutwa kabisa haimo ndani yake. Haikufika popote, kwa hiyo kwenye karatasi haikuchelewa. Abiria aliyebaki jukwaani na begi lake hayumo katika wale 62 wala katika wale 38. Huyo asiyehesabiwa ndiye ninayemzungumzia jioni ya leo.

Neno langu kubwa ni moja, na mengine yote ni maelezo yake. Treni uliyokatia tiketi ikifutwa, kampuni ndiyo iliyovunja ahadi, na kuanzia hapo anayechagua cha kufanya ni wewe. Sisi wengi hutenda kinyume. Tunamfuata mfanyakazi wa stesheni kwa unyenyekevu kama tunaomba msaada, au, mbaya zaidi, tunakimbilia mashine na kununua tiketi nyingine kwa bei ya siku hiyohiyo, ambayo mnajua ilivyo. Halafu ile ya kwanza tunaihesabu kuwa hasara ya Mungu. Si hasara ya Mungu. Ni fedha yako iliyo mikononi mwa mtu mwingine.

Mwaka huo wa 2024 Deutsche Bahn ililipa abiria fidia inayokaribia euro milioni 200. Mwaka uliotangulia ilikuwa takriban milioni 133. Fedha hizo hazikugawiwa kwa waliochelewa. Zilikwenda kwa walioomba.

Tuingie kwenye sheria yenyewe, nami nitajitahidi nisiwachoshe. Iko Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/782, inayohusu haki na wajibu wa abiria wa reli. Imeanza kutumika tarehe 7 Juni 2023, na iliondoa ile ya zamani ya mwaka 2007. Ni sheria ya Umoja mzima, kwa hiyo ukipanda treni Köln ukashukia Brussels au Paris bado uko chini yake. Na haiulizi pasipoti. Haiulizi kama kibali chako cha ukaazi ni cha mwaka mmoja au cha kudumu. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wapo kati yetu wanaoogopa kudai, wakidhani jina lao litaandikwa mahali na siku ya kuongeza kibali litawarudia. Ndugu zangu, dai la tiketi haliendi Idara ya Wageni. Linakwenda kwa mhasibu wa reli.

Chukueni mfano ambao karibu kila aliyemo humu ataujua. Pasipoti yako inakaribia kuisha. Una miadi ubalozini, na balozi zetu ziko Berlin. Umekata tiketi ya ICE, ile treni ya kasi, ya alfajiri kutoka Köln, safari ya saa nne na nusu hivi mambo yakienda sawa. Umenunua mapema, ile ya bei nafuu inayoitwa Sparpreis au Super Sparpreis. Saa kumi na moja na nusu uko stesheni kuu, ubao unaandika kwamba treni yako imefutwa.

Ikiwa kwa kufutwa huko inatarajiwa utafika mwisho wa safari yako ukiwa umechelewa dakika 60 au zaidi, sheria inakuwekea njia tatu mezani. Ya kwanza, usisafiri, urudishiwe nauli yote. Ya pili, usafiri kwa treni nyingine inayofuata, au kwa njia nyingine, katika hali inayolingana na ile uliyolipia, bila kuongeza senti. Ya tatu, usafiri siku nyingine inayokufaa wewe, vilevile bila kuongeza kitu. Hayo maneno, inayokufaa wewe, yamo ndani ya kanuni, sikuyatia mimi.

Na kuna kipande ambacho watu wengi hawakijui hata wenyeji. Tuseme umeshafika Hannover, nusu ya njia, na treni ya kuunganisha ndiyo iliyofutwa. Inayofuata itakufikisha Berlin dirisha la ubalozi limeshafungwa. Sasa uende Berlin kufanya nini? Kuliangalia lango la Brandenburg? Sheria inasema hivi: ikiwa safari imepoteza maana kwa lengo ulilokuwa nalo, unaweza kurudi ulikotoka bila kulipa, na unarudishiwa nauli yote, pamoja na ya kile kipande ulichokwisha kusafiri. Hifadhi ile barua pepe ya miadi, maana ndiyo itakayoonyesha lengo la safari lilikuwa nini.

Sasa nirudi kwenye tiketi ya bei nafuu, kwa sababu ndiyo inayotutia hofu kuliko zote. Tiketi hizo zimefungwa kwa treni moja. Wajerumani wanakuita kufungwa huko Zugbindung, na mtaliona neno hilo limeandikwa kwenye tiketi. Siku ya kawaida, ukipanda treni nyingine na tiketi hiyo, mkaguzi atakuhesabu kama mtu asiye na tiketi. Lakini treni yako ikifutwa, au ikionekana kwamba utafika mwisho wa safari ukiwa umechelewa angalau dakika 20, kifungo hicho kinafunguka. Tazameni vizuri: hapa ni dakika 20, si 60. Unaweza kupanda inayofuata, au kupita njia nyingine kabisa. Wala huhitaji kumtafuta mtu akugongee muhuri. Kwenye programu ya simu ya Deutsche Bahn utaona imeandikwa kwamba kifungo kimeondolewa. Piga picha ya skrini uiweke, kwa sababu saa tatu baadaye taarifa ya treni ile inaweza kuwa imetoweka na wewe uko mbele ya mkaguzi ambaye hakuamka na wewe alfajiri.

Kiti ulichoweka kwenye treni iliyofutwa, hicho hakikufuati. Katika treni mpya unaweza kusimama. Fedha ya kuweka kiti unarudishiwa, lakini miguu ni yako.

Kuna mtego mmoja, na huu naomba muusikilize hata aliyekuwa anasinzia. Programu ya simu ina kitufe cha kufuta tiketi. Mtu anaona treni imefutwa, naye kwa hasira anabonyeza kitufe hicho ili arudishiwe fedha zake. Kitufe hicho ni cha mtu aliyebadili nia mwenyewe. Ukikibonyeza unaingia kwenye masharti ya kawaida ya tiketi: Sparpreis inakatwa ada, na Super Sparpreis hairudishwi kabisa. Umeligeuza kosa la kampuni kuwa uamuzi wako. Njia iliyo sahihi ni sehemu ya haki za abiria, Fahrgastrechte, iliyomo ndani ya akaunti yako. Tangu Juni 2021 dai linajazwa humohumo mtandaoni. Asiyeweza mtandao ipo fomu ya karatasi kwenye ofisi za tiketi za stesheni.

Je, kampuni ikikaa kimya? Treni imefutwa, ubao umeandika hivyo, lakini hakuna anayekuambia upande ipi, dawati la taarifa lina foleni inayofika nje. Hapo kanuni mpya imeleta jambo ambalo halikuwamo kwenye ile ya 2007. Ikiwa ndani ya dakika 100 tangu saa ambayo treni yako ilitakiwa kuondoka hujaelezwa njia mbadala ya kukufikisha, una haki ya kujitafutia mwenyewe treni nyingine, au basi, na kampuni ikurudishie gharama iliyo ya lazima na ya kadiri. Treni na mabasi ya abiria tu, basi. Ndege haimo, na teksi kwa kifungu hiki haimo. Mimi dakika 100 naziona nyingi. Aliyeziandika nadhani hajasimama jukwaani mwezi wa Januari. Lakini anzeni kuhesabu saa ileile, na pigeni picha ubao.

Kufutwa nako kuna sura nyingi. Sisi wa Köln tunaijua moja vizuri sana: treni inakuja, lakini haiingii stesheni kuu. Inasimama Deutz, ng'ambo ya Rhine, au inaishia njiani na kugeuza ili ratiba ya kurudi isiharibike. Hiyo ya kugeuza kabla ya mwisho wa safari watu wameipa jina la kiongozi mmoja wa zamani wa reli, Ronald Pofalla, na ni kawaida kuisikia kwenye magazeti kwa jina hilo. Kwako wewe abiria, kituo chako kikifutwa ni sawa na treni yako kufutwa. Kinachohesabiwa ni saa uliyofika pale tiketi inaposema, si saa treni ilipoonekana mjini.

Nije kwenye fidia, na hapa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kurudishiwa nauli ni kwa aliyeacha kusafiri. Fidia ni kwa aliyesafiri akachelewa. Huwezi kuchukua vyote viwili kwa tiketi moja. Ukiamua kusafiri na ukafika umechelewa kuanzia dakika 60 hadi 119, unalipwa asilimia 25 ya nauli. Kuanzia dakika 120, asilimia 50. Kwa tiketi ya euro 80, ni euro 20 au euro 40. Tiketi ya kwenda na kurudi inahesabiwa kwa nusu, upande ule uliochelewa tu. Ukitaka fedha taslimu badala ya vocha, sema unataka fedha. Vocha ni hiari yako.

Kiasi kilicho chini ya euro 4 hakilipwi. Fanyeni hesabu mwone huyo ni nani anayekosa. Asilimia 25 ya euro 16 ni euro 4 kamili. Kwa hiyo aliyenunua tiketi ya chini ya euro 16, akachelewa saa nzima na nusu, halipwi kitu. Ni yule aliyekaa na simu usiku akitafuta bei ya chini kuliko zote, yaani mwanafunzi, yaani mwanagenzi wa mafunzo ya kazi, yaani sisi. Linganisheni na ndege: huko Ulaya ndege ikifutwa katika mazingira ambayo kampuni inawajibika, fidia ni kiasi kilichopangwa, euro 250, 400 au 600 kwa kufuata umbali, hata kama tiketi uliipata kwa euro 30. Kwenye reli, maskini wa tiketi ni maskini wa fidia. Sioni sababu ya haki iliyo nyuma ya tofauti hiyo; naona tu nguvu ya wenye reli walipokuwa wakizungumza na watunga sheria.

Na si hapo tu walipopata. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyohusu reli ya Austria, ilisema kwamba hata dhoruba haiiondolei kampuni wajibu wa kulipa fidia ya kuchelewa. Miaka kumi tukala matunda ya hukumu hiyo. Kanuni mpya imeyafuta. Sasa kampuni haidaiwi fidia ikiwa chanzo ni hali ya hewa kali kupita kiasi, janga kubwa la asili, dharura kubwa ya afya ya umma, au kitendo cha mtu wa nje ambacho kampuni isingeweza kukizuia, kama watu kuingia relini, wizi wa nyaya, au hujuma. Lakini shikeni hili: msamaha huo ni wa fidia peke yake. Kurudishiwa nauli yako, au kusafirishwa kwa njia nyingine, kunabaki palepale hata theluji ikifika magotini. Ukiambiwa, samahani ni dhoruba, hatuwezi kukurudishia, unaambiwa jambo ambalo halimo kwenye sheria.

Vipi mgomo? Mnaukumbuka ule wa Januari 2024, madereva wa chama cha GDL walipoisimamisha nchi kwa siku kadhaa. Kanuni imeandika bayana kwamba mgomo wa wafanyakazi wa kampuni ya reli hauhesabiki kuwa dharura ya kuisamehe. Vivyo hivyo makosa ya mwenye njia ya reli au ya kampuni nyingine inayopita njia hiyo. Kwa hiyo swichi ikiharibika, taa za ishara zikizimika, behewa likigoma mlango, hayo yote ni ya kwao. Abiria hahitaji kuingia kwenye ugomvi wa nani ndani ya nyumba yao kakosea.

Jambo moja litawanyima fidia kihalali: ikiwa mlijua ucheleweshaji kabla ya kununua. Tunaishi katika miaka ya ukarabati mkubwa. Njia ya Frankfurt hadi Mannheim ilifungwa kuanzia Julai hadi Desemba 2024. Ile ya Hamburg na Berlin ikafuata Agosti 2025. Ukinunua tiketi wakati ratiba mpya ya mzunguko imeshatangazwa, hiyo ndiyo safari uliyoinunua, usidai. Lakini ukiwa umenunua kwanza, kisha ratiba ikabadilishwa, kifungo cha treni kimefunguka, na ile hesabu ya dakika 60 inapimwa kwa ratiba uliyouziwa wewe.

Usiku ni habari nyingine. Kampuni inatakiwa, kwa ucheleweshaji wa dakika 60 au zaidi au treni kufutwa, iwape abiria chakula na kinywaji kwa kadiri ya muda wa kusubiri, kama vinapatikana kwenye treni au stesheni au vinaweza kuletwa. Na kama hakuna namna ya kuendelea usiku ule, hoteli na usafiri wa kufika hotelini, pale inapowezekana. Wakati mwingine wanafungua treni iliyosimama stesheni watu walale humo. Si hoteli, lakini ina joto. Nendeni dawatini kwanza. Pakiwa pamefungwa na hamna mtu wa kumwuliza, tafuteni chumba cha bei ya kadiri, chukueni risiti, kisha mdai. Cha kadiri, nasema. Si cha kuangalia mto Rhine kutoka dirishani. Sheria ya Ujerumani inaongeza na teksi: kama ulitakiwa kufika kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri na utachelewa angalau saa moja, au treni ya mwisho ya siku imefutwa na huwezi tena kufika kabla ya saa sita usiku, na kampuni haikukupa njia nyingine, unaweza kudai teksi hadi euro 120.

Mnaofanya zamu hospitalini mnaniuliza kila mara kuhusu mshahara. Hapa sina habari njema. Kwa sheria ya kazi ya nchi hii, hatari ya njiani ni ya mfanyakazi. Treni ikifutwa, mwajiri halazimiki kukulipa saa ulizokosa. Lakini una haki ya kuomba uthibitisho wa maandishi kwamba treni ilifutwa au ilichelewa, nao unasaidia sana kwa msimamizi wa zamu anayeanza kukutilia shaka. Uombeni, hasa mlio katika kipindi cha majaribio.

Sasa tiketi mbilimbili. Tunapenda kuzipanga wenyewe: basi hadi hapa, treni ya kampuni nyingine hadi pale, tunaokoa euro 12. Ulinzi wote niliousema unashika safari iliyo chini ya mkataba mmoja. Ukinunua vipande viwili mbalimbali kwa kampuni mbili, na cha kwanza kikafutwa, yule wa pili hana habari na wewe. Treni yake iliondoka kwa wakati. Ukinunua safari nzima kwa malipo ya mara moja kutoka kampuni moja ya reli, inahesabiwa kuwa tiketi moja isipokuwa umeambiwa vingine kwa maandishi. Zile euro 12 ziwekeni kwenye mizani kabla ya kuziokoa.

Muda wa kudai ni miezi mitatu. Zamani hapa Ujerumani ulikuwa mwaka mzima, na ndiyo maana marafiki zenu Wajerumani bado wanawaambia msiwe na haraka. Muwe na haraka. Ukishadai, nauli ya kurudishwa inatakiwa ilipwe ndani ya siku 30, na fidia ndani ya mwezi mmoja. Wakikukatalia au wakikaa kimya, kuna taasisi ya usuluhishi ya wasafiri mjini Berlin, Schlichtungsstelle Reise & Verkehr, ambayo kwa abiria haitozi kitu. Unatuma barua uliyoandika wewe, majibu yao na tiketi. Na mamlaka inayosimamia kampuni zifuate kanuni hii ni Eisenbahn-Bundesamt, ambayo makao yake yako hapahapa Bonn. Hao hawakusanyi deni lako wewe binafsi, lakini malalamiko yakiwafikia mengi ya aina moja wana meno.

Kijerumani chenu kisiwe kisingizio. Dai la mtandaoni ni namba ya tiketi, treni iliyofutwa, treni uliyopanda, saa uliyofika, akaunti ya benki. Hakuna insha.

Baada ya hapo palikuwa na maswali.

Mama mmoja kutoka Lubumbashi aliuliza kuhusu Deutschlandticket, kwa kuwa hana tiketi nyingine. Nilimjibu kwamba hiyo ni tiketi ya treni za mkoa na mabasi, na fidia yake ni euro 1.50 kwa kila kuchelewa kwa saa moja au zaidi. Kwa kuwa chini ya euro 4 hakilipwi, unayakusanya matukio matatu ndipo udai. Treni ya mkoa ikifutwa, Deutschlandticket haikupi ruhusa ya kupanda ICE kwa haki ya kitaifa, kwa sababu inahesabiwa kuwa tiketi iliyopunguzwa bei sana. Lakini jimbo letu la Nordrhein-Westfalen lina dhamana yake, Mobilitätsgarantie NRW. Ukikwama kituoni kwako dakika 20 au zaidi na hakuna njia nyingine, unaweza kulipia ICE au teksi mwenyewe kisha ukarudishiwa; kwa teksi ni hadi kiwango fulani, na cha usiku ni kikubwa kuliko cha mchana. Muda wake wa kudai ni mfupi, wiki mbili tu, na mgomo haumo.

Kaka mmoja aliuliza: treni ya kwenda uwanja wa ndege wa Frankfurt ikifutwa, ndege ya Nairobi ikaniacha, nani analipa? Kanuni hii ya reli haikulipii ndege. Itakurudishia nauli ya treni na si zaidi. Kama tiketi ya treni ilikuwa ndani ya kifurushi kimoja na ndege, au ndani ya safari iliyopangwa na wakala, mzungumze naye huyo aliyekuuzia kifurushi. Kama ulinunua mbalimbali, ondoka nyumbani mapema kuliko unavyoona aibu. Mimi mwenyewe naenda Frankfurt na treni ya kabla ya ile iliyo kabla, nakunywa kahawa ya ghali uwanjani, sijuti.

Kijana mmoja akataka kujua kama na nyumbani kuna kitu cha namna hii, sasa ambapo Madaraka Express ya Kenya inasafiri tangu 2017 na SGR ya Tanzania imefika Dodoma mwaka 2024. Nilimwambia kwamba mlango upo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha na ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro za huduma. Tanzania ina LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na pembeni yake baraza la ushauri la watumiaji wa usafiri wa ardhini, ambalo kazi yake ni kupokea sauti ya abiria. Katiba haitaji dakika 60 wala asilimia 25, na dakika ndizo zinazomwezesha mtu wa kawaida kudai bila wakili. Akirudi nyumbani na akili hiyo, awaulize wabunge wake.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na mimi siwezi kuchelewa kwenye mada hii. Nimeleta kompyuta, nitakaa meza ile ya pembeni. Mwenye tiketi ambayo miezi mitatu yake inaisha wiki hii aje kwanza, na aje na namba ya akaunti ya benki, maana nusu ya muda huwa tunaupoteza hapo. Wengine kunyweni chai.